Mpiga Kinubi Asiye na Waitikiaji: Uhakiki wa Santuri ya "En Mana Kuoyo" kwa Kipimo cha Bungoma na Kitale

1. UTANGULIZI

Mwanamuziki anapoiacha bendi na kutoa santuri yake ya kwanza peke yake, wahakiki humkabili na swali moja: Je, ameweza kusimama bila ya wenzake? Swali hilo limezaliwa katika historia ya muziki wa roki wa Ulaya na Marekani. Huko bendi huhesabiwa kuwa ni ushirika wa watu wachache na vyombo vyao vya umeme, na kutoka katika ushirika huo huhesabiwa kuwa ni kuitafuta nafsi. Mwingereza Peter Gabriel alipoiacha Genesis mwaka 1975, kisha akatoa santuri yake ya kwanza mwaka 1977, alipimwa kwa kipimo hicho, na kwa muziki wa aina ile kipimo kilifaa.

Kipimo hicho hicho kikiletwa Kenya ya magharibi kinapwaya. Mwaka 1993 kampuni ya Real World, ambayo Gabriel mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliyoianzisha mwaka 1989, ilitoa santuri ya kwanza ya Ayub Ogada, iitwayo En Mana Kuoyo, yaani "ni mchanga tu." Ogada alikuwa ametoka katika bendi mbili za Nairobi. Kwa hiyo, kwa maelezo ya nje, huyu ni mwanaroki mwingine aliyeondoka kwa wenzake akaenda kujaribu bahati yake. Lakini chombo alichoondoka nacho ni nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane, na chombo hicho kwa desturi yake hupigwa na mtu mmoja. Tena mtu huyo mmoja, kwa desturi hiyo hiyo, hawi peke yake hata kidogo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli iliyozoeleka kuhusu santuri hii, yaani kwamba ni kurejea kwa msanii kwenye asili yake, ni kweli kwa nusu tu. Kilichorejea ni chombo. Waitikiaji hawakurejea. Kutokuwepo kwao ndiko udhaifu mkubwa wa kazi hii, na, jambo ambalo halijaelezwa vya kutosha, ndiko kunakoipa nguvu zake.

Hoja hii inapimwa hapa kutoka Bungoma na Kitale, wala si kutoka Siaya au Kisumu. Uteuzi huu una sababu. Wabukusu wa Bungoma na wa Trans Nzoia wana kinubi chao, litungu, ambacho ni ndugu wa nyatiti kwa umbo na kwa kazi. Lakini lugha yao ni ya Kibantu, nayo Kijaluo ni ya Kinailoti. Basi msikilizaji wa Bungoma anaijua sanaa ya En Mana Kuoyo kwa ndani, na maneno yake huyasikia kwa nje. Hali hiyo ya kuwa jirani, wala si mwenyeji wala si mgeni, inamwezesha mhakiki kutenganisha mambo mawili ambayo mwenyeji huyasikia kama jambo moja, na ambayo mgeni hayasikii yote mawili.

2. NJIA YA MSANII

Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda. Sehemu ya utoto wake aliishi Marekani, katika mji wa Chicago, ambako wazazi wake walikwenda na muziki wa Kijaluo. Katika miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa vijana wa Black Savage, bendi ya Nairobi iliyopiga roki na kuimba zaidi kwa Kiingereza. Baadaye alishiriki katika kuiunda African Heritage Band, iliyohusiana na jumba la sanaa la African Heritage lililoanzishwa Nairobi na Alan Donovan pamoja na Joseph Murumbi, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Bendi hii ilichanganya vyombo vya jadi na vya umeme. Mwaka 1986 Ogada alikwenda Uingereza na nyatiti yake. Alipiga njiani na katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London, wapita njia wakimtupia sarafu, mpaka watu wa Real World walipomsikia. Miaka saba baada ya kuwasili kwake ndipo ilipotoka En Mana Kuoyo. Baadaye alirudi Kenya, naye alifariki mwaka 2019.

Habari hizi zimekwisha kusimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kama safari ya kutoka kwenye uigaji kwenda kwenye uhalisi: kijana aliyeanza kwa kuiga roki, akazinduka, akashika chombo cha babu zake. Usimulizi huo una mvuto, lakini unasahau historia ya gitaa lenyewe katika Kenya ya magharibi. Gitaa lilipoenea katika Nyanza na katika nchi ya Waluhya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, halikuikuta mikono mitupu. Liliikuta mikono iliyozoea kinubi. Wapigaji waliutia ufundi wa nyatiti katika gitaa, wakizidonoa nyuzi moja moja na kuurudiarudia mshororo mfupi wa sauti, na humo ndimo ulimotoka muziki wa benga, ambao D. O. Misiani na Shirati Jazz waliueneza. Upande wa Waluhya, George Mukabi aliikuza mitindo ya gitaa kavu kwa namna yake. Kwa hiyo bendi ya gitaa haikuwa kinyume cha kinubi, bali mojawapo ya makao yake mapya.

Jambo hili likikubaliwa, tendo la Ogada linabadilika sura. Hakutoka ugenini akarudi nyumbani. Alitoka katika nyumba moja ya kinubi, yenye wenzake wanne au watano wa kupokezana sauti, akaingia katika chumba cha kurekodia ambamo ilibidi sehemu kubwa ya upokezano huo aifanye yeye mwenyewe. Swali linalofaa basi si kama ameweza kusimama bila ya bendi. Swali ni hili: ni nani anayeitikia?

3. KIPIMO CHA BUNGOMA

Ili swali hilo lieleweke, yafaa kutazama jinsi kinubi kinavyofanya kazi mahali pake. Litungu la Kibukusu kwa kawaida lina nyuzi saba. Lina bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayotoka katika bakuli hilo, na mti wa kukingama ambao nyuzi hufungwa kwao na kukazwa. Mpigaji hulipakata au huliegemeza ubavuni, akapiga na kuimba kwa wakati mmoja. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji wake hukaa kwenye kigoda cha chini, akavaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, na kwa pete hiyo akakigonga chombo ili kupata mdundo. Njuga alizozifunga mguuni hulia pamoja. Mtu mmoja basi huwa ni nyuzi, ni ngoma, ni njuga na ni sauti. Akitazamwa kwa macho ya roki, yeye peke yake ni bendi nzima.

Hata hivyo, hapigi kwa ajili ya kusikilizwa kimya. Katika arusi, katika vikao vya pombe na katika mikusanyiko ya baada ya mazishi, mpiga kinubi huwataja waliopo. Hutaja ukoo wa mtu, mama yake, kitendo chake cha juzi, ubahili wake au ukarimu wake. Waliopo nao hujibu. Kwa Wajaluo jambo hili lina jina lake, pakruok: mtu katika hadhira hutoa fedha, muziki ukasimama au ukapungua, naye akajitapa na kujisifu kwa maneno teule, akamsifu na rafiki yake, kisha nyuzi zikaendelea. Fedha haikumnunulia mtu huyo haki ya kusikiliza, kwa sababu kusikiliza ni bure kwa kila aliyefika. Ilimnunulia haki ya kusema.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya msingi baina ya kinubi cha uani na kinubi cha santuri, nayo ni tofauti ya uhusiano wa kijamii kabla ya kuwa tofauti ya fani. Mnunuzi wa santuri hutoa fedha ili anyamaze. Hulipa kabla hajasikia, humlipa mtu asiyemjua, wala hatatajwa. Hata katika kituo cha treni mjini London, sarafu ilipotupwa, aliyeitupa hakuwa na la kusema, naye alikuwa na haraka. Miaka kadhaa ya kupiga mbele ya watu wanaotoa fedha bila ya kutoa neno hapana budi iliifundisha sauti ya Ogada jambo fulani, na jambo hilo linasikika katika En Mana Kuoyo: sauti imeshuka, imekuwa laini, haipambani na kelele za waliopo, na inaimba kama ya mtu ambaye hatarajii kukatizwa.

Msikilizaji wa Bungoma huligundua hilo upesi. Nyimbo zinakwenda bila ya kusimamishwa. Hakuna jina la mtoaji linaloingia ghafla, wala hakuna ubeti unaoharibika kwa sababu mtu fulani amefika. Vipo vyombo vingine na sauti nyingine, lakini zimepangwa zimsaidie mwimbaji, wala hazina ruhusa ya kumpinga. Hata majina ya baadhi ya nyimbo, kama Dala (nyumbani), Chiro (sokoni) na Ondiek (fisi), ni majina ya mahali na ya viumbe ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitia maana yake. Wimbo mmoja umeitwa Thum Nyatiti, muziki wa nyatiti. Jina la namna hiyo lisingehitajika uani, maana hapana mwenye kusimama mbele ya mpigaji akahitaji kuambiwa kwamba hicho ni kinubi. Ni jina la kazi inayojua kwamba itasikilizwa na mgeni.

Desturi nyingine za Bungoma zinathibitisha kwamba jambo hili si la kinubi pekee. Mvulana wa Kibukusu anayekaribia kutahiriwa, katika Agosti ya mwaka wa shufwa, hupita vijijini akipiga chinyimba, njuga za chuma zinazogonga bangili za mikononi. Anaongoza nyimbo, lakini kundi linalomzunguka ndilo linalozikamilisha. Kundi likimwacha, alichobaki nacho mkononi ni chuma tu. Kadhalika mzee anayefanya khuswala kumuse, hotuba ya hekima baada ya kifo, husema peke yake, lakini wosia wake una uzito kwa kuwa waliokaa mbele yake wanajulikana kwa koo zao na watawajibika kwa waliyoyasikia. Katika sanaa hizi zote, umoja wa msanii ni wa umbo tu. Kwa maudhui yeye ni nusu ya mazungumzo.

4. "KOTHBIRO" MARA MBILI

Wimbo unaoifaa hoja hii kuliko zote ni Kothbiro, "mvua inakuja." Unajulikana duniani kama wimbo wa Ayub Ogada, lakini kabla ya kuingia katika santuri yake ulikuwa wimbo wa bendi. Black Savage waliurekodi katika miaka ya 1970, na katika orodha za watunzi jina la Mbarak Achieng wa bendi hiyo limewekwa pamoja na la Ogada. Yaani, wimbo unaotambulikana zaidi katika kazi ya mtu aliye peke yake ni mali ya ushirika aliouacha.

Maudhui yake ni mepesi. Mtu mzima anawaita watoto, anawakumbusha kwamba alikwisha kuwaambia, mvua inakuja, warudishe ng'ombe nyumbani. Hakuna zaidi ya hayo, na hayo yanatosha. Kwa utanzu, huu ni mwito. Mwito una muundo wake ambao kila aliyekulia katika boma anaujua: sauti inatoka mlangoni, inavuka uwanja na vichaka, inangoja, na kutoka bondeni inakuja sauti nyingine, nyembamba, inayosema kwamba imesikia. Mwito usiojibiwa haujakwisha. Mwitaji hurudia, kwa sauti kubwa zaidi, kisha hutoka mwenyewe kwenda kutazama.

Katika rekodi ya Black Savage mwito huu umezungukwa na vijana wenzake. Vyombo vya bendi vinaupokea na kuupitisha kwa kila mmoja, na ingawa hakuna anayetamka jibu, msikilizaji hahisi kwamba mwitaji ameachwa. Wimbo wa watoto wa mjini hao ulikuwa na kumbukumbu ya mashamba, na kumbukumbu hiyo ilishirikiwa na kundi zima. Katika En Mana Kuoyo mhimili umebaki nyuzi za nyatiti na sauti ya mtu. Nyuzi zinarudia mshororo wao bila ya kubadilika sana, kama mvua yenyewe iliyokwisha kuanza mbali. Sauti inaita, inaita tena, na nafasi iliyoachwa baada ya mwito inajazwa na nyuzi zilezile. Watoto hawajibu.

Hapa udhaifu wa santuri unageuka kuwa nguvu zake. Uani, ukimya huo ungekuwa kasoro ya utendaji: hadhira imelala, au mpigaji hajui kazi. Katika santuri ukimya huo unakuwa maana. Mwitaji yuko London, ng'ombe wako upande wa pili wa dunia, na wanaoitwa wamekua watu wazima au wamehamia kwingine. Maneno ya wimbo hayakubadilishwa ili yazungumzie uhamiaji, wala hakuna ubeti wa kulia kuiacha nchi. Fani peke yake, kwa kumwondoa mwitikiaji, imelibadilisha wazo. Ni nadra kupata mfano ulio wazi namna hii wa fani inayozaa dhamira, na walimu wa fasihi simulizi wangefanya vyema kuziweka rekodi hizi mbili mbele ya wanafunzi, moja baada ya nyingine.

Lakini yafaa pia kuonyesha hasara. Mwaka 2005 wimbo huu ulitumiwa katika filamu ya The Constant Gardener, iliyoongozwa na Fernando Meirelles na kupigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya. Filamu hiyo inahusu mauaji na kampuni za dawa, na ndani yake Kothbiro inasikika kama maombolezo. Mtazamaji asiyejua Kijaluo hana njia ya kujua kwamba sauti ile inayomtoa machozi inaagiza ng'ombe warudishwe. Mwaka 2018 mwanamuziki wa Marekani, Kanye West, alikata kipande cha wimbo huo akakitia katika wimbo wake uitwao Yikes. Huko hata maombolezo hayakubaki, ila rangi ya sauti tu. Hatua hizi zinafuatana kwa mantiki. Wimbo ulipoondolewa mwitikiaji ulibaki na maneno. Ulipoondolewa anayeyafahamu maneno ulibaki na huzuni. Ulipoondolewa huzuni ulibaki na mlio.

5. MSIKILIZAJI WA KITALE

Baina ya mwenyeji anayeyajua maneno na mtazamaji wa filamu anayesikia huzuni tu, yuko msikilizaji wa tatu, naye anapatikana Kitale kuliko mahali pengi. Mji huu ulikua katika nchi iliyochukuliwa na walowezi wa Kizungu wakati wa ukoloni, na reli iliufikia katika miaka ya 1920. Wabukusu wengi walifika huko kama vibarua wa mashamba, na baada ya Uhuru wengine walinunua ardhi au walipewa katika mipango ya makazi. Wamo Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu, Wajaluo na wengine. Sokoni lugha ni Kiswahili. Nyumbani kila mlango una lugha yake ya kuwaita watoto.

Msikilizaji wa Kibukusu wa Kitale haelewi neno koth, maana kwake mvua ni efula. Lakini anaelewa kwamba nyuzi zile ni mwito. Analitambua jambo hilo kwa namna sauti inavyopanda na kungoja, na kwa kuwa litungu la babu yake lilifanya hivyo. Akielezwa maana kwa sentensi moja ya Kiswahili, wimbo wote unafunguka, na hahitaji maelezo ya pili. Hii ni aina ya ufahamu ambayo nadharia za tafsiri hazijaishughulikia vya kutosha: mtu asiyeijua lugha lakini anaujua utanzu. Tafsiri kwake ni ufunguo tu, na nyumba aliijua tangu zamani.

Lipo pia suala la toni. Kijaluo na Kibukusu zote ni lugha za toni, ambapo kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana ya neno au wakati wa kitenzi, ingawa maandishi ya kawaida ya lugha hizo hayaonyeshi toni. Mwimbaji wa lugha ya namna hiyo hana uhuru kamili wa kutunga lahani. Hupatana na maneno, na mara nyingine huyashinda. Ndiyo maana kuinukuu kazi ya kinubi kwa herufi tupu ni kuipunguza mara mbili, kwanza muziki na kisha lugha yenyewe. Kiswahili, kisichotumia toni kutofautisha maneno, kinaweza kutoa maana ya mwito ule. Hakiwezi kuonyesha jinsi lahani ilivyopatana nayo. Wahakiki wanaoandika kwa Kiswahili kuhusu nyimbo za lugha jirani hawana budi kukumbuka mpaka huo.

Kitale haipaswi kupambwa kupita kiasi. Ujirani wa lugha si amani kwa nguvu zake wenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wengi wa Bonde la Ufa, Trans Nzoia ikiwamo, waliyahama makazi yao, na katika wiki zile lugha ambayo mtu alimwitia mtoto wake mlangoni ilitosha kumtambulisha kwa adui. Kwa aliyeishi hayo, mwito wa Kothbiro si picha ya mashambani iliyotulia. Kuna kitu kinakuja, wadogo wako nje, na nyumba ndiyo salama, au ilidhaniwa kuwa salama. Ogada hakuukusudia wimbo huo kwa tukio hilo, lakini kazi ya sanaa iliyoacha nafasi ya jibu wazi hujazwa na historia ya anayesikiliza. Nafasi hiyo isingalikuwapo kama hadhira ya kwanza ingalikuwa imekwisha kuijaza.

6. HOJA ZA UPINZANI

Hoja mbili zinaweza kutolewa dhidi ya uhakiki huu. Ya kwanza ni ya wale wanaoiona santuri kama En Mana Kuoyo kuwa zao la ubeberu wa utamaduni. Mzungu mwenye studio humchukua msanii wa Kiafrika, humwondolea gitaa lake la umeme, humtaka abaki na kinubi ili afanane na Afrika ambayo wanunuzi wanaitaka. Hoja hii ina ukweli kuhusu soko. Lakini inamfanya Ogada kuwa udongo mikononi mwa mfinyanzi, na habari zake hazikubaliani na hilo. Aliingia London na nyatiti kabla hajapata kampuni, na vyombo vya jadi alikuwa navyo tangu African Heritage Band. Kosa la soko halikuwa kumpa kinubi. Lilikuwa kuuza kinubi kana kwamba kinubi ni sauti ya mtu mmoja anayewaza.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili. Inasema kwamba kila rekodi humwondoa mwitikiaji, basi hapana sababu ya kuilaumu hii. Jibu linapatikana katika rekodi nyingine ya Kenya ya magharibi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakiimba, kwa kinubi, wimbo uitwao Chemirocha. Santuri za mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, zilikuwa zimefika nchini mwao. Wao hawakumwelewa neno hata moja, lakini walimwitikia: walilichukua jina lake, wakaligeuza likae katika ulimi wao, wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa, wakamwalika katika ngoma. Santuri haikuweza kuwasikia, lakini haikuweza kuwazuia kujibu pia. Tofauti baina ya wasichana hao na mkataji wa vipande vya Kothbiro ni kwamba wao walimpa mgeni jina na mahali pa kukaa, hali ya kuwa yeye aliiondoa sauti mahali pake na kuiacha bila ya jina la kile inachokisema.

7. HITIMISHO

En Mana Kuoyo ni kazi nzuri, na uzuri wake si wa kurejea nyumbani. Ni uzuri wa mtu anayeita nyumbani kutoka mahali ambapo jibu haliwezi kusikika, kwa chombo ambacho kiliumbwa kwa ajili ya jibu. Ikipimwa kwa kipimo cha roki, ni santuri ya mtu aliyeipata sauti yake. Kwa kipimo cha Bungoma ni nusu ya kwanza ya wimbo.

Wajibu unaobaki ni wa wasomi, hususan wa idara za lugha za Kiafrika. Maandishi ya nyimbo za nyatiti na litungu yanapokusanywa, aghalabu huandikwa maneno ya mpigaji pekee, na maneno ya waliokatiza hutupwa kama kelele. Maneno hayo yaandikwe pamoja na yake, kila msemaji na nafasi yake, na toni zionyeshwe pale zinapobeba maana. Wimbo wa bendi unapoingia katika santuri ya mtu mmoja, majina ya watunzi wote yatajwe darasani na katika maandishi, kwa sababu jina la mtunzi lisipotajwa leo, kesho atahesabiwa kuwa desturi ya kale isiyo na mwenyewe. Kazi hiyo inaweza kuanza Bungoma na Kitale. Huko wangali wako wapiga litungu wanaokatizwa na wasikilizaji wao, na wasikilizaji ambao wakitoa shilingi hutaka kwanza kusema neno.